Mabomba Yaliyoelekea kwa Mzee Kahigi

Placidia alipotangaza kwamba yeye na mwenzake wanaingia ubia na halmashauri kujenga maegesho ya magari ya ghorofa, Kayanga nzima ilimcheka. Ghorofa ya magari! Watu wenyewe wanabanana kwenye vyumba vya kupanga, leo magari ndiyo yajengewe ghorofa? Vijana wa bodaboda walimbandika jina la Mama Ghorofa, na kila akipita stendi walimpigia honi. Placidia alikuwa mtu wa Bugene, mnunuzi wa kahawa aliyeizunguka Ihembe na Kyerwa yote kwa pikipiki kabla hajamiliki gari lake la kwanza, na katika kuzunguka huko alikwisha kuchekwa na watu wenye meno mazuri kuliko hao.

Isitoshe, waliocheka ndio hao hao waliokuwa wakiteseka. Nenda Kayanga siku ya soko ujionee. Lori la ndizi limesimama katikati ya barabara linapakia, nyuma yake Hiace mbili zinagombania abiria mmoja, bodaboda zimejipanga mpaka mlangoni mwa duka la dawa, na mwenye gari dogo anazunguka mji mzima akitafuta pa kuliacha kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Kila mtu analalamika, na kila mtu anaegesha pale pale.

Mkataba wenyewe haukuwa mgumu kuuelewa. Halmashauri ilitoa kiwanja nyuma ya stendi. Placidia na mbia wake, Methodius, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi kutoka Bukoba, walitakiwa kujenga, kuendesha kwa miaka waliyokubaliana, kisha kulirudisha jengo kwa wananchi. Chini yakae malori na magari ya abiria, juu yapande magari madogo. Lakini kulikuwa na sharti moja chungu: Jumatatu ya mwisho ya mwezi ule kamati ya halmashauri ikija, ikute zege la ghorofa ya kwanza limemwagwa. Isipolikuta, halmashauri iko huru kumchukua mbia mwingine. Na huyo mwingine hakuwa wa kutafutwa. Kuna tajiri mmoja wa mbali alikwisha kuja kukitazama kiwanja zaidi ya mara moja, na ilijulikana mji mzima kwamba anachotaka ni maduka. Maegesho yangebaki kwenye mchoro.

Placidia alikuwa ameapa kwamba halitatokea hilo. Alishinda pale kiwanjani kuanzia asubuhi, buti miguuni na kitenge kiunoni, akiwakimbiza mafundi mpaka Egbert, injinia wao, akawa anaomba ruhusa ya kwenda kunywa chai.

Sasa, nyuma ya kiwanja, ng'ambo ya uzio, kulikuwa na kibanja cha mzee Kahigi. Mji ulikuwa umekua ukamzunguka, naye hakujisogeza. Migomba yake, mibuni yake michache, nyumba yake ya bati, basi. Alikataa kuuza, wakamwacha, wakachora jengo likamkwepa. Walidhani yameisha. Lakini kila siku mbili tatu mzee alisogea uzioni na fimbo yake.

"Binti, hayo maji ya huko juu mvua ikinyesha yatakwenda wapi?"

"Shikamoo, tata," Placidia alisema, akimwita baba kwa Kinyambo. "Yatatafutiwa njia."

"Marahaba. Njia ipi?"

"Tukishamwaga zege tutaiona."

"Pale kwenye pembe, penye migomba ile ya gonja, msilete maji."

"Tata, tangu lini migomba ikachukia maji?" Placidia aliuliza huku anacheka, na mafundi wakacheka naye.

Mzee Kahigi alikuwa kama ana neno mdomoni, akalimeza. Akageuka, akaenda zake. Placidia alimhesabu kuwa mzee msumbufu, na kazi ikaendelea. Wakati huo Egbert alikuwa amekwisha kupanga mbao za zege ziinamie nyuma kidogo, kwa sababu ardhi yenyewe ilikwenda hivyo na mbao hazikuwa za kuchezea, na mabomba manne ya kutolea maji yakawa yamechungulia juu ya uzio upande wa mzee. Mtaro wa kuyapokea ungechimbwa baadaye. Ile "baadaye" ya wajenzi, wote tunaijua.

Alhamisi, siku ya kumwaga zege, kokoto zilikuwa zimerundikwa, saruji imefunikwa turubai, mashine ya kuchanganyia imekodishwa, na watu zaidi ya hamsini wamekuja na makarai. Akinamama wa Bugene walikuwa wamewasha moto wa kupikia ndizi na maharage, maana siku ya zege bila chakula haiendi. Egbert alikuwa ameinua mkono kuamuru mashine iwashwe. Ndipo kilio kilipopasuka ng'ambo ya uzio.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mzee Kahigi alikuwa ameamka salama, akaomba uji, akafa kabla haujapoa.

Watu wakaanza kuweka makarai chini, moja moja, taratibu. Hawakugoma wala hawakujadiliana. Kwa watu wa pale, jirani akifa jembe halichimbi wala koleo haligusi udongo mpaka azikwe, na hata akishazikwa, wenye msiba ndio wanaotangulia kushika jembe ili wengine wafuate. Ukichimba kabla yao, hutafungwa jela. Ila siku utakapofiwa wewe, utalia peke yako na mkeo.

"Placidia," Methodius alimvuta kando, "tunaelewa, msiba ni msiba. Lakini Jumatatu haifiwi. Nina kijana wangu Nkwenda kule Kyerwa, ananiletea lori la watu kesho. Hawamjui Kahigi, Kahigi hakuwajua. Tunangoja wazike, tunawasha mashine, tunamwaga."

"Watu watasema nini?"

"Waseme. Wangapi walikuita Mama Ghorofa? Umekufa?"

Placidia aliutazama ule uwanja wa mbao na nondo, miezi ya jasho lake. Roho ilimuuma kwa ajili ya mzee, huo ndio ukweli, lakini ilimuuma zaidi kwa ajili ya zege, na huo nao ni ukweli. Akasema, "Waite."

Kesho yake alasiri alikwenda kuzika kama jirani yeyote. Alijifunga kanga, akaingia na kukaa kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni pamoja na wanawake wengine, akampa pole mjane, Benadeta, ambaye alimshika mkono. Mchungaji alisoma, kwaya ikaimba, jeneza likatolewa. Placidia alifuata msafara huku akili yake nusu ikiwa upande wa pili wa uzio, ambako lori la Nkwenda lilikuwa limekwisha kuegesha na vijana wamekaa kimya juu ya kokoto.

Msafara ulipita mibuni, ukapita jiko, ukaenda kusimama kwenye pembe, penye migomba ya gonja.

Kaburi lilikuwa hapo. Lisingekuwa kwingine. Baba yake Kahigi alikuwa hapo, na mama yake, makaburi mawili ya zamani yaliyofunikwa na majani makavu ya migomba kiasi kwamba asiyekijua kibanja kile angeyapita. Placidia aliinua macho. Mabomba yake manne yalikuwa yamechungulia juu ya uzio, midomo wazi, yakilitazama shimo.

Aliona aibu. Yeye si mgeni wa Bukoba wala Dar. Amezaliwa kwenye kibanja, baba yake amelala kwenye kibanja. Alijua kwamba kila mwenye kibanja anajua pa kulala. Lakini ni nani angemwuliza mzee aliye hai, "Tata, wewe tutakuzika wapi?" Hilo kwao ni kumtakia mtu kifo, huwezi kulitamka hata ukiwa umelewa rubisi. Mzee naye hakuweza kulitamka. Ni kama kujiita kaburini. Basi yeye aliishia kulalamikia maji, na wao wakaishia kucheka, kila mtu kwa adabu yake, mpaka mchoro ukapita.

Udongo ulipoanza kushuka juu ya jeneza, Placidia alilia kwa sauti. Watu walidhani analia kama wanavyolia wote.

Alipotoka hapo alikwenda moja kwa moja kiwanjani, kanga bado kiunoni.

"Egbert, hatumwagi. Mabomba yote manne yanatoka. Sakafu iinamie mbele, maji yaende kwenye mtaro wa barabara."

Egbert alimtazama Methodius kwanza. "Mama, kuinua mbao za nyuma zote ni kazi ya siku nzima na zaidi. Na ile pembe ya nyuma, penye njia ya magari kupanda, haiwezi kuinamia mbele. Lazima maji yateremke kwenye nguzo, yapite bomba la chini ya ardhi mpaka barabarani."

"Basi yapite."

"Umechanganyikiwa?" Methodius alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Watu wapo! Mashine ipo! Mimina leo, huo mtaro wa kuyapokea tutauchimba wiki ijayo!"

"Methodius, baba yako amezikwa wapi?"

"Bukoba. Kibanjani. Kwa nini?"

"Ningemmwagia maji ya magari kichwani, halafu nikakuambia mtaro wiki ijayo, ungeniambiaje?"

Methodius alitembea mpaka uzioni, akachungulia, akakaa huko kitambo. Aliporudi hakusema tena habari ya kumimina. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa na bado ana hasira, "Tutakinyang'anywa hiki kiwanja, Placidia. Ujue hilo." Vijana wa Nkwenda nao walikwisha kuvua kofia zao, na mkubwa wao akasema kama wangeambiwa kuna msiba wa jirani wasingepanda lori, kwani hata kwao Kyerwa wazee wapo.

Jumamosi asubuhi Placidia alimfuata Polikarpi, mwenyekiti wa kamati, nyumbani kwake. Polikarpi alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai, akamwambia kwa upole kwamba Jumatatu ni Jumatatu. "Nikikuongezea wewe siku, yule mwingine atanishtaki kwamba nimekupendelea. Nipe zege, jua likiwa bado juu. La sivyo, dada yangu, mikono yangu imefungwa."

Kutoka hapo akaenda msibani. Angeweza kukaa nyumbani alie, na wala hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikuwa na deni la maneno na hakutaka lilale. Alimkuta Benadeta amekaa kwenye nyasi, mwanawe Lameck pembeni yake. Huyu Lameck ndiye aliyekuwa akiupinga ujenzi kwenye kila mkutano wa mtaa, tena kwa sauti kubwa.

"Umekuja kuomba tukuruhusu ufanye kazi," Lameck alisema kabla hata Placidia hajakaa.

"Hapana. Nimekuja kwa mama." Akamgeukia mjane. "Mama, tata aliniambia nisilete maji pale, nikamcheka. Nilikuwa mjinga. Maji hayatakuja, yatapita bomba la chini mpaka barabarani. Hata tukinyang'anywa kiwanja, mabomba nitayatoa kwa mikono yangu mimi kabla sijaondoka, msiba ukishaisha. Ni hilo tu. Nisamehe."

Wanawake waliokuwa wanamenya ndizi waliacha visu. Benadeta akasema kwa Kinyambo neno moja la kushukuru, akamruhusu aondoke. Placidia alitoka akijua amesema lililopaswa kusemwa, na kwamba maegesho yamekwenda.

Hakujua kwamba nyuma yake mjane alimgeukia mwanawe na kumwambia, "Chukua jembe la baba yako."

Alichokiona yeye ni Lameck akija kiwanjani mchana ule ule, jembe begani, wajomba zake wawili nyuma yake. Lameck alipita mbele ya kila mtu bila salamu, akaenda pembeni mwa uzio, upande wa kibanja chao, akainua jembe akalishusha. Udongo ukafunguka.

"Mama amesema kazi ianze," alisema, uso bado umekunjwa. "Bomba lenu lipite hapa kwetu, kando ya uzio, liende barabarani. Nachimba mwenyewe. Na usidhani nimekupenda."

"Sijadhani," Placidia alisema, na machozi yakamtoka akiwa anacheka.

Kuanzia hapo hakuna aliyekaa. Jumapili walitoka ibadani na misani wakaja na nguo za kazi ndani ya mifuko. Mbao za nyuma ziliinuliwa, mabomba manne yakang'olewa. Jumatatu alfajiri mashine iliwashwa. Walikuwepo watu wa Bugene, walikuwepo wa Nkwenda, walikuwepo wajomba wa Lameck waliokuwa hawajarudi kwao, na hao bodaboda wa Mama Ghorofa walikuja wakiona aibu kidogo, wakaegesha pikipiki zao vibaya kama kawaida yao, wakashika makarai. Zege lilipanda mkono kwa mkono, kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, akinamama wakiimba na vijana wakiitikia, na Egbert juu huko akipiga kelele kwamba wasisimame, zege likianza halisimami.

Polikarpi na kamati yake walifika mchana. Walikuta nusu ya sakafu inang'aa kwa maji na nusu bado ni nondo. Mjumbe mmoja akasema mkataba unataka zege, hautaki nusu ya zege.

"Jua liko wapi?" Placidia alimwuliza. Alikuwa na saruji mpaka kwenye nyusi.

Mjumbe alitazama juu. "Bado liko."

"Basi kaa kivulini, kula ndizi, ungoje. Ukichoka kungoja, karai lile pale."

Polikarpi alikohoa ili asicheke. Wakakaa. Jua lilishuka upande wa Ihembe na sakafu ikajaa, ikajaa, mpaka ikabaki ile pembe ya nyuma peke yake, juu ya nguzo ambamo bomba la kuteremshia maji lilikuwa limesimamishwa. Chini yake mfereji wa Lameck ulikuwa tayari, bomba limelazwa ndani, unangoja kufukiwa. Karai la kwanza la pembe lilikuwa limekwisha kuinuliwa.

Placidia alisimama ukingoni akatazama chini. Alimwona Benadeta amekuja uzioni kutazama kazi, mikono nyuma, kanga nyeusi begani.

"Simamisheni," Placidia alisema.

"Halisimami!" Egbert akapiga kelele.

"Simamisha, nimesema!" Aliteremka ngazi ya mirunda mbio, akapita tundu la uzio, akaenda kusimama mbele ya mjane. Watu wote walikuwa wanamtazama, kamati inatazama, jua linatazama. Akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu."

"Mama, nakuuliza neno ambalo haliulizwi. Wewe ni wapi?"

Mnong'ono mkali ulipita kati ya watu. Mjomba mmoja alisema, "Waitu!" kama aliyechomwa. Lameck aliruka mfereji, uso umemgeuka. "Unamtabiria mama yangu kifo? Mbele yangu?"

"Lameck, nyamaza," Benadeta alisema. Alimtazama Placidia kwa macho makavu yaliyolia mpaka machozi yakaisha. "Kahigi alitaka sana kuulizwa. Alifika kwenye uzio huu na neno lake, akarudi nalo, akafika tena, akarudi nalo. Mimi nilikuwa namwambia: sema tu, mzee, waambie. Akasema, mwanamume hajitangazii kaburi." Akajitanda kanga vizuri. "Inuka."

Akatembea taratibu kando ya uzio, akilipita kaburi jipya. Alikwenda kidogo tu. Alisimama miguu yake ikiwa pande mbili za mfereji aliouchimba mwanawe, bomba la Placidia likipita katikati.

"Hapa," alisema. "Ubavuni kwake. Tulikubaliana tangu ujana."

Lameck aliutazama mfereji, akaitazama mikono yake. Alikuwa ameishi kwenye kibanja kile maisha yake yote, na yeye pia hakuwahi kuuliza. Alikaa chini pale pale kwenye udongo akaanza kulia, na mama yake akamwekea mkono kichwani.

Placidia alimtazama Egbert juu. Alimtazama Polikarpi, aliyekuwa amesimama kofia mkononi. Jua lilikuwa limebaki kidogo sana.

"Mmesikia wenyewe," aliwaambia watu. "Hapa pana mwenyewe. Bomba litoeni, lipite ndani kwetu, tutapunguza nafasi za magari. Nusu mchimbe, nusu mniletee zege."

Polikarpi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuokota koleo.